MVUA YA APRILI DAR ES SALAAM

Ndugu msomaji, kama una mtoto au ndugu aliyehamia Dar es Salaam, siku moja utapanda basi kwenda kumtazama. Ukienda mwezi wa Julai utakuta jiji kavu, na usiku upepo mwanana. Ukienda Aprili utakuta jambo jingine kabisa.

Mimi nilikwenda Aprili. Mdogo wangu wa kike alinipelekea habari kwamba mtoto wake anaharisha na haponi. Nikafunga kigunia cha karanga, nikaondoka. Kwetu ni Singida. Sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba. Aprili mvua yetu inaaga, na mtama unakauka shambani. Kwa hiyo sikuchukua hata mwavuli. Nilicheka mwenyewe niliposhuka kwenye basi, maji yakanifika kwenye vifundo vya miguu.

Dar es Salaam ina misimu miwili ya mvua. Vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei. Aprili ndio moyo wa masika. Kwa kawaida mvua hunyesha siku 18 au 19 katika mwezi huo. Mchana joto hufika nyuzi 30 au 31, na usiku hushuka mpaka kiasi cha nyuzi 23. Hilo si joto kubwa kuliko la Januari na Februari, lakini hewa imejaa unyevu. Shati ulilofua asubuhi halikauki jioni. Chumvi inayeyuka katika kopo. Viatu vya ngozi vinaota ukungu chini ya kitanda.

Kwa nini Aprili? Kila mwaka, tarehe 20 au 21 Machi, jua hupita juu ya ikweta kwenda kaskazini. Mkanda wa mvua hulifuata jua nyuma nyuma. Wakati huo upepo wa kaskazi unachoka, na kusi linaanza kuvuma. Pepo hizi mbili hukutana, nazo zimebeba mvuke wa bahari. Zikikutana, hewa haina pa kwenda ila juu. Huko juu kuna baridi. Tazama kifuniko cha sufuria ya uji: mvuke ukigusa kifuniko unageuka matone. Mawingu hufanyika namna hiyo hiyo.

Tuhesabu maji haya

Watu wa hali ya hewa hupima mvua kwa milimita. Katika mwezi wa Aprili, Dar es Salaam hupata kiasi cha milimita 250. Mvua ya mwaka mzima ni kiasi cha milimita 1,100. Basi mwezi mmoja unachukua karibu robo ya mvua yote.

Chukua rula ya mtoto wa shule. Milimita 250 ni sawa na sentimita 25. Kama maji yote ya Aprili yasingetiririka wala kunywewa na ardhi, yangefika kwenye namba 25 ya rula hiyo, katika kila uwanja na kila barabara ya jiji.

Sasa fanya hesabu ya nyumba moja. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mdogo wangu ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4. Hizo ni mita za mraba 24. Zidisha kwa 250. Utapata lita 6,000, yaani madebe 300 ya lita 20. Paa dogo la mabati linamwaga madebe 300 kwa mwezi mmoja, na nyumba zimebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi. Maji hayo yanakwenda wapi?

Kama kuna mfereji mzuri yanakwenda mtoni, na mto unayapeleka baharini. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Lakini mifereji mingi imezibwa na takataka, na watu wamejenga mpaka mabondeni. Basi maji yanaingia ardhini, na kule chini yanakuta vitu viwili ambavyo watu wamechimba: kisima na choo.

Kisima kilichofurahisha watu

Mdogo wangu anakaa karibu na bonde. Uani kwake pana kisima kifupi. Siku niliyofika alinionyesha kwa furaha.

"Tazama, kaka," akasema. "Mwezi wa Februari tulichota kwa kamba ndefu mpaka mikono inauma. Sasa unainama tu na kata."

Nikatazama. Kweli, maji yalikuwa juu. Kisha nikageuka, nikahesabu hatua mpaka chooni. Hatua 11.

Ndugu msomaji, fikiri jambo hili vizuri, maana hata vijijini tunalo. Maji ya ardhini si kama maji ya ndoo, kwamba haya ni yangu na yale ni yako. Ni kama bwawa moja lililofichwa chini ya mchanga. Wakati wa kiangazi bwawa hilo liko chini sana, na shimo la choo liko juu yake, kavu. Aprili bwawa linapanda. Likipanda mpaka kufikia kisima kuchotwa kwa kuinama, limekwisha kuingia ndani ya shimo la choo pia. Kinyesi na maji ya kunywa sasa viko katika bwawa moja. Macho hayaoni kitu. Maji yale yalikuwa meupe, baridi, na hayana harufu.

"Mnakunywa haya?" nikamwuliza.

"Ya bomba hayatoki kila siku, kaka. Na haya ni safi. Mtoto huyu alinyeshewa juzi akitoka dukani, ndiyo maana tumbo limechafuka."

Watu wengi husema hivyo. Mvua ya Aprili inapata lawama kwa kila kitu. Ni kweli kwamba mtoto mchanga akilowa na kuachwa na nguo mbichi anapata baridi, na ni vizuri kumfuta na kumbadilisha nguo upesi. Lakini mvua iliyoangukia kichwani haiwezi kuleta kuharisha. Kuharisha kunaingia kwa mdomo.

Jirani wa juu

Usiku wa tatu ilinyesha mvua ambayo sijapata kuiona. Alfajiri niliamshwa na harufu mbaya. Uani maji yalikuwa yanapita, meusi, yakitoka upande wa juu. Nikafuata ukingo wa ukuta mpaka kwa jirani wa pili. Tofali la pembeni ya choo lake lilikuwa limetolewa. Watu wa Dar es Salaam wana jina la jambo hili. Wanaita kutapisha choo. Mtu anangoja mvua kubwa ya usiku, anatoboa shimo la choo kilichojaa, na mvua inabeba kila kitu mpaka kwa watu wa chini.

Asubuhi nilikwenda kumwona. Alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza kuhusu mtoto wetu, na maji yaliyopita uani. Alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Mwanangu, gari la kunyonya choo nimeliulizia. Pesa yake ni matumizi ya nyumba hii kwa wiki tatu. Mvua hainidai kitu."

Sikuweza kumwita mtu mbaya. Alikuwa na wajukuu watano katika nyumba ile, na choo kilikuwa kimefika juu. Lakini nilimwuliza kama yeye hana jirani wa juu zaidi. Akatazama mlima, akacheka kidogo, kicheko kisicho na raha.

Kipindupindu kinapenda mlango huu. Si cha masika peke yake. Mlipuko mkubwa wa mwaka 2015 ulianza Dar es Salaam mwezi wa Agosti, ambao ni mwezi mkavu, kisha ukaenea mikoa mingi. Ila maji machafu yakipita katika nyumba za watu, vijidudu havihitaji tena mtu wa kuvibeba.

Mtoto alivyopona

Nilimkuta mtoto midomo mikavu, macho yameingia ndani. Mama yake alikuwa amempunguzia maji, akidhani maji yanaongeza kuharisha. Kosa hili linaua. Mtoto anayeharisha hufa kwa kuishiwa maji mwilini. Anyweshwe, anyonyeshwe, aendelee kula.

Zahanati hutoa pakiti za dawa ya chumvichumvi, pamoja na vidonge vya zinki. Kama pakiti hazipo nyumbani, usingoje. Chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visiwe na kilima, sawazisha kwa kisu. Koroga. Onja: yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe mtoto kidogo kidogo, na akitapika ngoja dakika kumi uanze tena. Tulianza hivyo, kisha tukampeleka zahanati siku ile ile. Kama kinyesi ni kama maji ya mchele na kinatoka bila kukoma, hapo hata saa moja ni nyingi, nenda mbio huku ukimnywesha njiani.

Tangu siku hiyo maji ya kisima yakawa ya kufulia na kuoshea sakafu. Ya kunywa alinunua ya bomba, akayachemsha mpaka yatokote, akayaweka katika ndoo yenye kifuniko. Kuni na mkaa mbichi wa Aprili vinasumbua sana kuchemshia, hilo nakubali. Anayeshindwa atumie dawa ya klorini ya kutibu maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

Kwa wewe uliye kijijini na nafasi unayo: chimba kisima upande wa juu, choo upande wa chini, na kati yake ziwe hatua 30 au zaidi. Palipo na maji ya karibu usichimbe choo kwenda chini sana. Kiinue juu kwa matofali, na zungushia mfereji.

Mbu wa usiku na mbu wa mchana

Mbu wa malaria huuma usiku, na yai lake huwa mbu kamili kwa wiki moja au mbili. Hilo tunalijua tangu zamani, na chandarua tunacho. Lakini Dar es Salaam ina mbu mwingine, mweusi mwenye madoa meupe miguuni, anayeuma mchana. Huyu analeta homa ya dengue. Ililipuka jijini mwaka 2014, na tena 2019, Dar es Salaam pamoja na Tanga. Yeye hapendi dimbwi la tope. Anapenda maji safi ya mvua katika kifuu, kopo, tairi bovu, na pipa lisilofunikwa. Mayai yake hushikamana na ukuta wa pipa, na yanaweza kukaa makavu miezi mingi yakingoja maji. Kwa hiyo kumwaga peke yake hakutoshi, sugua pipa kwa brashi kila wiki.

Malaria ya Dar es Salaam ni ndogo kuliko ya mikoa kama Kigoma au Geita. Basi homa ya Aprili huko usiikisie. Pima kwanza. Mwenye homa kali, maumivu nyuma ya macho na kwenye viungo, asimeze aspirini, kwa sababu dengue inaweza kutoa damu na aspirini huzidisha.

Karanga zangu, kwa habari, ziliharibika. Nilizikausha vizuri Singida, lakini kigunia kilikaa sakafuni wiki moja, zikaota ukungu wa kijani. Dada alitaka kuzichambua na kukaanga zilizobaki. Nikazitupa. Sumukuvu haiondoki kwa moto.

Jambo la mwisho ni la njiani. Usivuke maji yanayokimbia, hata kama wengine wanavuka. Mwezi wa Aprili 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 nchini wamekufa kwa mvua na mafuriko ya msimu ule. Pale Jangwani, Msimbazi ukifurika, barabara ya Morogoro hufungwa. Kaa upande ulioko.

Aprili iliyofuata nilimpigia simu mdogo wangu. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo. Nikamwuliza habari za kisima. Akasema kimejaa mpaka juu, wanafulia tu. Nikamwuliza habari za mzee wa juu. Akasema nyumba sita zilichanga, na gari la kunyonya lilikuja mwezi wa Februari, kabla njia haijawa tope.