Saiti Yako Haionekani Google? Hivi Ndio Utaifanya Ikupitie Kila Mara

Tuseme uko Juja na umetengeneza saiti ya kuonyesha keja za Gachororo na Witeithie. Bedsita ikibaki wazi, unaweka picha na bei siku hiyo hiyo. Mafresha wa JKUAT wakianza kureport, kila mtu anasaka keja kwa Google. Lakini peji yako inakuja kuonekana wiki tatu baadaye, na saa hiyo comrade mwingine alishahamia na godoro lake. Hapo ganji imekupita.

Mbona inakuwanga hivi? Google iko na roboti inaitwa Googlebot. Kazi yake ni kuzunguka intaneti ikifuata linki na kusoma peji. Ikishasoma, Google inaamua kama itaiweka hiyo peji kwa daftari lake, yaani indeksi. Kusomwa ni kitu moja, kuwekwa ni kingine. Na haipitii kila saiti sawa. Inacheki vitu mbili: sava yako inaweza kubeba wageni wangapi bila kuzimia, na ikirudi itapata kitu kipya ama ni zile zile za jana.

Sasa fanya hivi:

1. Jua kama mlango uko wazi. Kama unatumia WordPress, ingia Settings, halafu Reading. Kuna kaboksi ka kuzuia Google na wenzake. Wasee wengi hukaweka tiki wakijenga saiti, halafu wanasahau kukatoa.

2. Jisajili Google Search Console. Ni ya bure. Weka linki ya peji yako hapo, itakuambia kama iko kwa indeksi na kama haiko, ni kwa nini. Unaweza pia kuiomba iweke peji mpya. Kuomba mara kumi hakuharakishi kitu, na kuna kiwango cha kila siku.

3. Peleka sitemapu. Hiyo ni faili yenye orodha ya peji zako, na moja inabeba hadi linki 50,000. Weka tarehe ya kweli ya mara ya mwisho ulibadilisha kila peji. Ukidanganya kila kitu ni cha leo, Google itaacha kuamini tarehe zako.

4. Usiache peji yatima. Keja mpya iwe na linki kwa peji ya kwanza, mahali roboti hupitia sana. Kama hakuna linki inaelekea huko, itaifikia kwa bahati.

5. Hosti isiwe ya kudedi dedi. Googlebot ikipata sava iko chini ama inajikokota, inapunguza safari. Sava ikijibu chapchap, inaongeza.

6. Toa takataka. Keja ikishachukuliwa na hairudi sokoni, futa peji yake, sava ijibu 404 ama 410. Ukiacha mamia ya peji za keja zilizoenda, roboti inamaliza muda huko badala ya kusoma mpya.

7. Kumbuka Bing. Tangu 2021 kuna IndexNow, njia ya kuishtua Bing papo hapo ukibadilisha peji. Google haiitumii, lakini ni bure, kwa hivyo hupotezi kitu.

Sasa rada: kuna mtu atakuslaidia DM akuambie utume ngiri tatu kwa M-Pesa, eti atakuwekea saiti yote kwa indeksi ndani ya saa 24. Shikilia doo yako. Google haichukui pesa ndio ipitie saiti yako mara mob. Ile njia yake ya haraka, Indexing API, ilitengenezewa peji za matangazo ya kazi na video za moja kwa moja, si bedsita.

Na kama umefanya yote, wiki zimeenda na bado peji haijaingia, isome kama mtu anatafuta nyumba. Kama maelezo ni yale yale umebandika kwa keja 40, Google haina sababu ya kuweka zote. Andika maji hupotea siku gani, stima ni tokeni ama iko ndani ya rent, na ni dakika ngapi kwa mguu hadi geti. Hiyo ndio comrade anatafuta, na hakuna mwingine ameiandika.