Bunduki nyepesi, marisau machache: Hesabu ya mwindaji wa ndege

KILA Jumamosi ya tatu ya mwezi Oktoba, maelfu ya watu huingia katika mashamba ya mahindi na nyasi ndefu ya jimbo la South Dakota, Marekani, kuwasaka majogoo wa fezanti. Ndege huyo si mwenyeji wa huko. Asili yake ni bara Asia, na Owen Denny, aliyekuwa mwakilishi wa Marekani jijini Shanghai, ndiye aliyepeleka fezanti kutoka China hadi jimbo la Oregon mwanzoni mwa miaka ya 1880, wakazaana na kuenea.

Kusini, katika majimbo ya Georgia na Texas, anayesakwa ni kware aina ya bobwhite, kindege cha gramu 170 hivi. Kaskazini, kwenye misitu michanga ya Michigan, Minnesota na Maine, ni grausi, ndege anayekaribiana na kwale kwa umbo, ambaye huruka ghafla kwa kishindo na kutoweka nyuma ya miti kabla mtu hajajua lililotokea.

Hao huitwa ndege wa nchi kavu, ili kuwatofautisha na mabata wanaoviziwa kando ya maji. Mwindaji wao hutembea kutwa, mbwa akimtangulia, bunduki mikononi tayari. Ifikapo alasiri, kila gramu ya chuma aliyobeba imekwisha kumlemea. Hapo ndipo linapozuka swali ambalo limewagawa wawindaji kwa zaidi ya karne moja: je, bunduki ndogo yatosha?

Msomaji wa Kenya atalisoma suala hili kwa umbali fulani. Uwindaji wa kujifurahisha ulipigwa marufuku nchini Mei 1977. Ndege wachache waliendelea kuruhusiwa kwa leseni, lakini Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 ikafanya uwindaji wa kujiburudisha kuwa kosa la jinai. Nchini Tanzania, kwa upande mwingine, kanga na kwale bado huwindwa kwa kibali. Marekani nako shughuli hii ni halali kwa leseni na kwa misimu maalumu, na maduka ya bunduki huuza silaha za kila ukubwa.

Bunduki inayozungumziwa ni ile ya marisau, yaani punje nyingi ndogo zinazotoka kwa pamoja na kutawanyika hewani. Ukubwa wa mtutu wake hupimwa kwa njia ya kale inayowakanganya wengi. Chukua ratili moja ya madini ya risasi, takriban gramu 454, uigawe katika tufe 12 zilizo sawa. Mtutu ambao tufe moja kati ya hizo inaingia barabara huitwa geji 12. Ukiigawa ratili hiyo mara 20, tufe huwa ndogo zaidi, na mtutu pia. Ndiyo maana namba inapopanda, mtutu hupungua.

Mtutu wa geji 12 una kipenyo cha milimita 18.5, wa geji 20 milimita 15.6, na wa 28 milimita 14. Ile iitwayo .410 haifuati hesabu hiyo, kwani namba yake ni kipimo cha inchi, sawa na milimita 10.4. Katikati ya 12 na 20 ipo 16, ambayo wazee waliienzi lakini sasa imekuwa adimu. Sababu moja ya kudidimia kwake ni kwamba mashindano ya skiti, ambapo hulengwa visahani vya udongo vinavyorushwa hewani, yaliteua geji 12, 20, 28 na .410 pekee. Ikaachwa nje, na watengenezaji wengi wakaipa kisogo.

Wauzaji wengine hudai kwamba bunduki ndogo hupeleka marisau yakiwa yameshikana zaidi, na hivyo humdai mwindaji shabaha kali kuliko ile kubwa. Dai hilo halina mashiko. Kinachoamua jinsi marisau yanavyotawanyika ni mbano, yaani kufinywa kidogo kwa mtutu karibu na mdomo wake, wala si geji. Punje ya namba 7½, yenye kipenyo cha milimita 2.4, hutoka katika geji zote kwa kasi inayokaribiana, takriban mita 365 kwa sekunde. Ikishatoka, haijui ilitoka mtutu gani. Itamdhuru ndege vilevile.

Tofauti ya kweli ni idadi. Katriji ya kawaida ya geji 12, lile ganda lenye fataki, baruti na marisau ndani yake, hubeba gramu 32 za marisau, ambazo kwa namba 7½ ni punje 390 hivi. Ya geji 20 hubeba gramu 25, punje 305. Ya 28 hubeba gramu 21, punje 260. Ile fupi ya .410 hubeba gramu 14 tu, punje 175.

Sasa tuweke mbano wa wastani, ambao kwa desturi hupeleka asilimia 60 ya punje ndani ya duara la sentimita 76 kwa umbali wa mita 36.5. Geji 12 itakuwa na punje 235 katika duara hilo, geji 28 takriban 155, na .410 punje 105 pekee. Kwa umbali huo, kware anaweza kupita katika mapengo ya .410 akiguswa na punje moja ya bawa au ya tumbo. Hataanguka. Ataruka hadi kichakani na kufia huko baada ya saa au siku kadhaa, bila mbwa kumwona wala mtu kumla.

Hilo ndilo jambo linalowakera wawindaji waadilifu, na ndilo linalopaswa kuongoza uchaguzi kabla ya nakshi za pembeni na mbao za mjozi. Bunduki ndogo si dhaifu. Umbali wake ndio mfupi. Kwa grausi na kware, ambao aghalabu hupigwa kati ya mita 15 na 25, geji 28 inatosha kabisa, na mwenye kuijua hapungukiwi na kitu. Kwa jogoo wa fezanti mwenye uzani wa zaidi ya kilo moja, anayeruka mbali mwishoni mwa msimu baada ya kufundishwa woga na milio ya wiki nyingi, 20 ndiyo ya chini kwa watu wengi, tena kwa punje kubwa zaidi za namba 6 au 5.

Kuhusu .410, kuna kosa ambalo hurudiwa na wazazi wenye nia njema. Kwa kuwa bunduki hiyo ni nyepesi na haipigi bega kwa nguvu, mtoto anayeanza hupewa hiyo. Matokeo yake ni kwamba anayejua kidogo kuliko wote hukabidhiwa punje chache kuliko wote. Hukosa, huvunjika moyo, au hujeruhi. Wakufunzi wengi hupendelea aanze na geji 20 iliyotiwa katriji hafifu, na .410 ibaki kwa fundi.

Wepesi nao una mipaka. W.W. Greener, mtengenezaji bunduki wa Uingereza wa karne ya 19, anahusishwa na kanuni kwamba bunduki iwe na uzani mara 96 ya marisau inayoyarusha. Kwa gramu 21 za geji 28, hiyo ni kilo 2 na ushei. Kwa gramu 25 za geji 20, kilo 2.4, kwa gramu 32 za geji 12, zaidi kidogo ya kilo 3. Ikiwa nyepesi kuliko hapo, bega litalipa. Fauka ya hayo, bunduki nyepesi mno husimama mkononi wakati ndege anakatiza mbele, ilhali anayelenga hana budi kuendelea kuusogeza mtutu na kumtangulia. Anayenunua geji 28 aipime kwa mizani pia, kwani baadhi hujengwa juu ya kiunzi kilekile cha geji 20, na kilichopungua ni marisau peke yake.

Ipo hatari nyingine, nayo huwakumba hasa wenye bunduki za geji mbili katika nyumba moja. Katriji ya geji 20 ikitiwa kimakosa katika mtutu wa geji 12, huteleza mbele na kukwama. Mwindaji hufyatua, hakuna mlio. Hufungua, huona chemba tupu, hudhani alisahau kuijaza, kisha hutia katriji ya 12 nyuma ya ile iliyokwama. Mlio unaofuata huupasua mtutu karibu kabisa na mkono wa mbele. Ni kwa sababu hiyo makatriji ya geji 20 nchini Marekani hutengenezwa yakiwa ya manjano. Ya 28 nayo yanaweza kukwama katika mtutu wa 20, na hayo hayana rangi yao maalumu. Dawa ni kukung'uta mifuko yote ya koti kabla ya kubadili bunduki, hata kama ilikwisha kukung'utwa jana.

Mnunuzi wa leo ana hesabu ambayo babu yake hakuwa nayo. Madini ya risasi ni sumu. Ndege hudonoa punje zilizoanguka wakidhani ni changarawe za kusagia chakula katika firigisi, na tai wanaokula mizoga yenye vipande vya madini hayo hudhurika pia. Tangu 1991 Marekani imepiga marufuku marisau ya risasi katika uwindaji wa mabata kote nchini. Jimbo la California, makao ya tai adimu aitwaye kondori, lilipanua marufuku hiyo hadi uwindaji wote kuanzia Julai 1, 2019.

Mbadala wa bei nafuu ni chuma cha pua laini, lakini ni chepesi: gramu 7.8 kwa kila sentimita ya ujazo, dhidi ya 11.3 za risasi. Kwa hiyo hupoteza kasi mapema, na mwindaji hulazimika kuchagua punje kubwa zaidi. Katika katriji ya 12 nafasi ipo. Katika ile ya 28, punje kubwa humaanisha punje chache, na zilikuwa chache tangu awali. Bismathi, yenye uzito wa karibu gramu 9.6, hufaa zaidi kwa mitutu midogo, na ndiyo salama kwa bunduki nyingi kuukuu ambazo chuma kingeziharibu, ila bei yake ni maradufu na zaidi. Isitoshe, hata makatriji ya kawaida ya 28 na .410 huuzwa ghali kuliko ya 12 na 20, na katika maduka ya miji midogo huenda yasipatikane kabisa. Ni biashara ya ajabu kidogo, mtu kulipa zaidi ili apate marisau machache.

Baada ya kununua, hatua ambayo wengi huiruka ni ya karatasi. Karatasi pana ya upana wa mita moja hutundikwa mahali salama, ikapigwa kutoka mita 20, kisha 25, kisha 30, kila mara ikibadilishwa, kwa katriji ileile itakayobebwa porini. Duara la sentimita 76 huchorwa pale matundu yalipozidi, na mapengo yakakaguliwa kwa kuweka juu yake kipande cha kadibodi chenye ukubwa wa kware. Pale kadibodi inapopata nafasi ya kukaa bila kufunika matundu matatu au manne, umbali wa bunduki hiyo kwa ndege huyo umekwisha.