Gari Kuukuu la Familia: Tunayoyaweza Nyumbani na Tusiyoyaweza

Gari linaloshushwa katika bandari ya Mombasa kutoka Japani aghalabu si jipya. Kanuni za Kenya huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini iwapo halijapita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Na kwa kuwa bei hupungua kadiri umri unavyozidi, familia nyingi hununua lile lililokaribia ukomo huo. Likitutumikia miaka 10 zaidi, huwa limetimiza umri wa kijana wa kidato cha nne. Hilo ndilo linalowapeleka watoto madrasa, ndilo linalomkimbiza mgonjwa hospitali, na siku ya harusi ndilo linalopambwa maua.

Uzee wa gari hauanzi kwenye rangi. Huanzia chini, mahali ambapo wengi wetu hatuinami kupatazama: kwenye bomba la moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi, na kwenye springi, shokamzoba na mipira inayolibeba gari. Sisi watu wa pwani tuna sababu zaidi ya kuinama. Upepo wa bahari huja na chumvi na unyevu, na viwili hivyo ndivyo chakula cha kutu. Isitoshe, ekzosi huoza pia kutoka ndani. Petroli ikiungua hutoa mvuke wa maji. Safari ikiwa fupi, kama ya kwenda soko la jirani na kurudi, bomba halipati moto wa kutosha kuyakausha maji hayo, nayo hubaki ndani ya sailensa yakiila chuma polepole.

Moshi usioonekana

Wengi huichukulia ekzosi iliyotoboka kuwa ni aibu ya kelele tu. Kelele ni jambo dogo. Ndani ya moshi huo mna gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu akiivuta, hushikamana na damu kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni, hivyo mwili hukosa hewa ilhali mtu anapumua kama kawaida. Dalili zake hufanana na za uchovu: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Mtoto anayelala kila apandapo gari huenda amechoka kweli. Lakini iwapo mama yake naye huumwa kichwa katika gari hilo hilo, na wote hupata nafuu wakishuka, ekzosi na ikaguliwe siku hiyo hiyo. Mama mjamzito ahadhari zaidi, kwani aliye tumboni hudhurika vibaya. Hatari hukithiri gari likisimama huku injini ikinguruma, kama kwenye foleni ndefu ya kivuko cha Likoni, maana hapo hakuna upepo wa mwendo wa kuupeperusha moshi.

Kulikagua bila spana

Mengi hutambuliwa na yeyote mwenye macho na masikio. Asubuhi, injini ikiwa baridi, gari liwashwe mahali pa wazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Mlio wa kufoka, au alama nyeusi ya masizi penye kiungo, huonyesha panapovuja. Kwa upande wa shokamzoba, kandamiza kona moja ya gari kwa uzito wa mwili, kisha uiachie. Ikipanda na kutulia, ni dalili njema. Ikiendelea kunesanesa, shokamzoba imechoka. Shokamzoba iliyolowa mafuta ubavuni, tairi lililolika upande mmoja, na mgongano unaosikika kila unapovuka tuta, nazo ni dalili za kushughulikiwa. Si suala la raha ya safari pekee: gari la namna hii huchelewa kusimama, kwa sababu tairi hurukaruka badala ya kuishika barabara.

Kazi ya nyumbani

Mpira unaoning'iniza ekzosi ukikatika, kuubadilisha si kazi ngumu, na bei yake ni ndogo. Hali kadhalika kukaza klemu iliyolegea, au kuziba kitundu kidogo kwa dawa maalumu inayostahimili moto, ingawa kiraka hicho ni cha kumngojea fundi tu. Mwenye spana nzuri na uzoefu anaweza pia kubadilisha linki, vile vyuma vyembamba vinavyosaidia gari lisilale upande kwenye kona. Bomba liachwe lipoe kabisa. Nati zenye kutu zimiminiwe mafuta ya kulegeza usiku wa kuamkia kazi. Na miwani ivaliwe, maana kutu humwagikia machoni.

Lakini asiingie mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Kazi ya jeki ni kuinua, si kubeba. Gari likishainuliwa, likalishwe juu ya stendi za chuma, kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa. Nyua zetu nyingi ni za mchanga, na mchanga hudidimia. Matofali nayo hupasuka ghafla bila onyo. Magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe yasibiringike, na lile lililofunguliwa lilazwe chini ya ubavu wa gari liwe kinga ya pili. Gari litikiswe kwa mkono kabla ya mtu kuingia. Watoto wawe mbali. Na mtu mzima mmoja asiondoke karibu.

Ya kumwachia fundi

Katika magari mengi madogo ya Kijapani, shokamzoba ya mbele imezungushiwa springi iliyobanwa. Anayefungua nati ya juu bila kifaa cha kuibana springi hiyo huifungulia nguvu inayoweza kuua. Kuchomelea ekzosi karibu na tangi la petroli si kazi ya uani. Mipira inayotolewa na kuingizwa kwa mashine, na viungo vinavyoshika gurudumu, pia vinahitaji gereji, na baadaye magurudumu yapimwe yasipinde. Shokamzoba zinunuliwe mbili kwa mhimili mmoja, kwa maana mpya na kuukuu haziendi sawa.

Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Baba anayelala chini ya gari akisema Mungu yupo, hali jeki imesimama mchangani, hajafunga ngamia wake. Nia ya kuiokolea nyumba gharama ya fundi ni njema, na kuna mengi mikono yetu inayaweza. Hata hivyo nyumba ina haki ya kumuuliza kabla hajajilaza, nayo si kumvunjia heshima: stendi ziko wapi? Na ikiwa kichwa kitamuuma mtu safarini, madirisha yafunguliwe, gari lisimamishwe, injini izimwe na wote washuke. Akizidiwa, apelekwe hospitali kwa gari jingine.