Kifundo Kikiteguka, Usikichue

Mkuza, kata iliyo kando ya Barabara ya Morogoro mjini Kibaha, ina jina lake katika riadha. Hapo ndipo Filbert Bayi alipojenga shule na kituo cha michezo cha Olympafrica. Bayi ndiye aliyekimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 huko Christchurch, New Zealand, Februari 1974, akaweka rekodi ya dunia. Mwaka 1980 akarudi kutoka Moscow na medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Mbio hizo zina viunzi 28 na maji ya kuruka mara 7. Kwa hiyo mkimbiaji hutua mara 35, kwa kawaida kwa mguu mmoja, tena akiwa kwenye kasi. Kila anapotua, kifundo cha mguu hubeba mzigo mkubwa kuliko uzito wa mwili wake, na hapohapo kinatakiwa kumsukuma aendelee mbele.

Wengi wetu haturuki viunzi, lakini miguu yetu haina kazi nyepesi. Mwanafunzi anatembea kwenda shule na kurudi. Dereva wa bodaboda anashusha mguu kwenye mchanga kuzuia pikipiki isilale. Fundi anakanyaga mbao zenye misumari kwenye nyumba zinazojengwa kila upande wa Kibaha. Mkulima wa Kisarawe anapalilia mihogo akiwa peku. Wote hao huumia, na katika majeraha mengi ya mguu kinachomlemaza mtu si ajali yenyewe. Ni yale yanayofanyika saa na siku chache baada ya ajali: mguu kuchuliwa, kukandwa kwa maji ya moto, kupakwa visivyofaa, au kuachwa tu kwa matumaini kwamba utapoa wenyewe.

Kinachotokea ndani

Kuanzia kifundo hadi vidole, mguu mmoja una mifupa 26. Miguu yote miwili ina mifupa 52, yaani robo ya mifupa 206 ya mwili mzima. Mifupa hiyo inashikanishwa na ligamenti, tishu imara zinazotoka mfupa hadi mfupa. Upande wa nje wa kifundo zipo tatu, na ile ya mbele ndiyo inayoumia mara nyingi zaidi.

Mfikirie msichana anayecheza netiboli. Anaruka kudaka mpira, anatua kwenye kiatu cha mwenzake, wayo unageukia ndani na uzito wote unaangukia ukingo wa nje wa mguu. Ligamenti ni kama kamba ya katani iliyosokotwa kwa nyuzi nyingi. Ikivutwa kidogo, nyuzi chache hukatika. Ikivutwa sana, nusu yake huachia. Ikizidiwa kabisa, hukatika yote na kifundo hulegea. Pamoja nayo hupasuka mishipa midogo ya damu, na damu na maji humwagika kwenye nyama. Ndiyo maana ndani ya saa moja au mbili kifundo huvimba, na kesho yake rangi ya zambarau huteremka hadi karibu na vidole.

Sasa fikiria mtu anakuja na beseni la maji ya moto na chupa ya mafuta ya kuchulia. Joto hutanua mishipa ya damu, kwa hiyo kinachovuja huongezeka. Vidole gumba vinavyokandamiza kwa nguvu huendelea kuchana nyuzi zilizobaki. Na kama chini ya uvimbe huo kuna mfupa uliovunjika, kuchua kunaweza kuusogeza. Wazee wetu wanaochua wana nia njema na mikono yao ina nafasi yake baadaye, misuli inapokakamaa. Siku mbili tatu za kwanza hazina nafasi hiyo.

Saa 48 za kwanza

Acha kucheza papo hapo. Usijaribu kumalizia kipindi cha pili kwa sababu mwili umepata moto na maumivu hayasikiki sawasawa.

Weka barafu. Zile barafu za mifuko zinazouzwa madukani zinatosha. Zifunge kwenye kitambaa au kipande cha khanga, uweke kwa dakika 15 hadi 20, kisha uondoe na urudie baada ya saa mbili. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, kwa sababu inaunguza kama moto. Kazi yake kubwa ni kutuliza maumivu.

Funga bandeji ya kuvutika ukianzia karibu na vidole kupanda juu ya kifundo, ukiacha vidole wazi ili uvione. Vikiwa baridi, vikibadilika rangi au kufa ganzi, bandeji imebana mno: ifungue uifunge upya. Kisha lala, mguu ukiwa juu ya mito miwili ili uwe juu kuliko kifua. Kukaa kwenye kiti mguu ukiwa juu ya kigoda hakutoshi, kwa kuwa maji bado yanashuka kwenye kifundo.

Kwa maumivu, parasetamo inatosha kwa wengi.

Hatua nne na ncha ya kidole

Swali linalowasumbua wengi ni kama kwenda kupiga picha ya eksirei au kusubiri. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, Kanada, walitoa kanuni ambayo sasa inatumika sehemu nyingi duniani. Imepimwa mara nyingi, na ni nadra sana mfupa uliovunjika kuipita bila kugundulika. Mwalimu wa michezo na kocha wa mtaani wanaweza kuitumia kuamua nani apelekwe haraka.

Kwanza, muulize aliyeumia kama aliweza kutembea hatua nne mara tu alipoumia, na umwombe ajaribu tena sasa, hata kwa kuchechemea. Akishindwa, apelekwe hospitali.

Pili, bonyeza kwa ncha ya kidole sehemu nne. Shika lile fundo la mfupa lililo upande wa nje wa kifundo, ubonyeze ukingo wake wa nyuma, kuanzia ncha ya chini na kupanda kiasi cha sentimita 6. Fanya hivyo hivyo upande wa ndani. Kisha bonyeza ukingo wa nje wa mguu, katikati ya kisigino na kidole kidogo, penye mfupa uliojitokeza. Mwisho bonyeza sehemu ya juu ya upinde wa mguu, upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Maumivu makali juu ya mfupa katika sehemu mojawapo yanatosha kuhitaji picha. Maumivu yakiwa kwenye nyama laini mbele ya fundo la nje, na mtu anatembea, mara nyingi ni ligamenti.

Kanuni hii usiitegemee kwa mtoto mdogo, kwa mtu aliyelewa, wala kwa mwenye ganzi miguuni. Hao waonwe na daktari moja kwa moja. Na mguu uliopinda, mfupa uliotokeza, au jeraha lililo wazi juu ya mfupa haulizwi maswali: funika kwa kitambaa safi, funga ubao au kadibodi ngumu ili mguu usicheze, usijaribu kuunyoosha, na umpeleke aliyeumia hospitali. Wakazi wa Mkuza wana Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Tumbi jirani, ambayo chimbuko lake ni mradi wa Tanganyika na nchi za Nordiki ulioanza 1963. Yanayozidi uwezo hupelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI.

Maumivu yakiisha, kazi bado

Hapa ndipo wachezaji wengi hupotea. Wiki ya pili uvimbe umepungua, mchezaji anavaa njumu, na mwezi haujaisha kifundo kilekile kinateguka tena. Sababu ni kwamba ligamenti haishikilii mifupa tu. Ndani yake kuna neva zinazouambia ubongo mguu umekaaje, hata gizani. Ikichanika, taarifa hiyo huchelewa, na mguu hugeuka kabla misuli haijawahi kuuzuia. Kuwahi kuteguka ndiyo dalili kubwa kuliko zote kwamba utateguka tena.

Tiba yake haina gharama. Kuanzia siku ya tatu, ukiwa umekaa, andika herufi za alfabeti hewani kwa kidole gumba cha mguu, mara tatu kwa siku. Anza kukanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu, kwa maana kulala wiki nzima hudhoofisha misuli. Ukiweza kutembea bila kuchechemea, simama kwa mguu ulioumia sekunde 30 huku ukipiga mswaki. Ukizoea, fanya hivyo ukiwa umefumba macho, ukiwa karibu na ukuta. Kisha inua visigino na kuvishusha taratibu, mara 15, kwanza kwa miguu yote miwili, baadaye kwa mmoja. Endelea kwa wiki sita angalau. Rudi uwanjani pale tu unapoweza kuruka kwa mguu ulioumia na kukata kona bila maumivu wala woga.

Wakimbiaji wajue mambo mengine matatu. Maumivu ya kisigino yanayochoma kwenye hatua za kwanza za asubuhi na kupungua ukitembea hutokana na utando wa chini ya wayo. Yanatibika kwa kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu kila siku na kupunguza mbio, ila yanataka subira ya miezi. Maumivu ya sehemu moja ya mfupa yanayozidi kila unapokimbia huenda ni ufa mdogo, na ufa hauponi ukikimbiwa. Na ukisikia kishindo nyuma ya kisigino kana kwamba umepigwa teke, halafu ukashindwa kusimama kwa ncha za vidole, kano kubwa ya kisigino imekatika. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Msumari na ekzosi

Tundu la msumari ni dogo kwa nje, lakini ni refu kwa ndani. Vijidudu vya pepopunda hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na hupenda mahali pasipofika hewa. Usimimine mafuta ya taa, petroli wala majivu. Osha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika kadhaa, funika kwa kitambaa safi, kisha uende kituo cha afya siku hiyo ukaulizwe kuhusu chanjo. Wanawake wengi huongezewa chanjo ya pepopunda wanapokuwa wajawazito. Wanaume wengi hawajachanjwa tena tangu utotoni, nao ndio wengi kwenye ujenzi. Mguu ukianza kuwaka moto, ukiona mstari mwekundu unapanda, au mtoki ukitokea kwenye kinena, maambukizi yanasambaa.

Aliyeungua kwa ekzosi ya pikipiki amwagie maji safi ya bomba yasiyo ya barafu kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na unga hufungia joto ndani na kuchafua kidonda.

Mguu usiosikia

Kisukari kisichodhibitiwa huua neva za miguu polepole. Mtu hukanyaga kipande cha chupa akaendelea na safari. Daktari Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake wameandika kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala. Hawakuamka, kwa sababu mguu hautoi tena taarifa. Daktari huyo ni miongoni mwa walioongoza mradi wa Step by Step, uliofundisha madaktari na wauguzi wa Tanzania na India kuokoa miguu isikatwe.

Mwenye kisukari aiangalie miguu yake kila jioni: juu, chini, na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo kilichowekwa sakafuni, au mjukuu amtazamie. Asitembee peku hata ndani ya nyumba. Akung'ute viatu kabla ya kuvaa, apime maji ya kuoga kwa kiwiko cha mkono, na asiote moto wala kukanda miguu. Sugu na magaga asikate kwa wembe: apake mafuta, ila si katikati ya vidole. Kidonda chochote, hata kisichouma, kionwe na mtaalamu ndani ya siku moja. Donda ndugu huanza hivyo hivyo.

Tazama kiatu chako

Viatu vya mtumba ni vizuri kama havijachakaa. Kabla ya kulipa, kiweke kiatu juu ya meza na ukitazame kutoka nyuma. Kama kisigino kimelika upande mmoja na kiatu kimeinama, kifundo chako nacho kitainama. Nunua viatu alasiri, mguu ukiwa umevimba kidogo, na uache nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Dereva wa bodaboda, kandambili ni za bafuni. Vaa buti lifunikalo kifundo.

Kwa walimu, makocha na viongozi wa vijiwe vya bodaboda nina ombi moja. Wekeni bandeji mbili za kuvutika, sabuni, kitambaa safi na namba ya simu ya dereva wa kuaminika mahali panapojulikana na wote, na mchagueni mtu mmoja ajifunze zile hatua nne na sehemu nne za kubonyeza. Mtoto akiteguka Jumamosi jioni, mtu huyo ndiye atakayeamua kama atapelekwa Tumbi au atachuliwa.