Saa Chache Si Uzima wa Injini

Anayeuza Cessna 172 iliyotumika hutanguliza saa ambazo injini imeruka tangu ilipofanyiwa ovaholi, na wanunuzi wengi huishia hapo. Zikiwa 150 bei hupanda. Zikiwa 1,500 watu huikimbia. Nadhani mara nyingi wanaikimbia ndege iliyo bora. Kwa injini ya Lycoming O-320, iliyofungwa kwenye Cessna 172 nyingi tangu 1968, kiwanda hushauri ovaholi kila baada ya saa 2,000, lakini kimeweka pia kikomo cha pili ambacho wauzaji hawapendi kukitaja: miaka 12, hata kama saa hazijatimia. Injini ya saa 150 iliyofanyiwa ovaholi miaka 15 iliyopita imekwisha kupita kikomo hicho, na imekuwa ikiruka saa kumi tu kwa mwaka.

Kukaa bure ndiko kunakoiua. Ndani ya injini hii kemshafti iko juu ya krankishafti, mbali na oili iliyotuama chini. Ndege ikiegeshwa kwa wiki nyingi, oili huchuruzika, chuma hubaki kitupu, na unyevu hukianzishia kutu, hasa penye hewa ya chumvi kama Mombasa, Tanga au Zanzibar. Siku inapowashwa, sehemu zilizochimbwa na kutu husagana na tapeti, na chembe za chuma husambaa kwenye oili. Wapo wanaojitetea kwamba huiwasha kila Jumamosi kwa dakika chache. Huko ni kuidhuru zaidi, kwa kuwa oili haipati joto la kutosha kufukuza maji yanayotokana na kuungua kwa petroli.

Ni kweli kwamba anayenunua injini ya saa 1,500 atalipia ovaholi mapema, na gharama hiyo si ndogo. Lakini deni hilo linaonekana na linaweza kukatwa kwenye bei. La kutu limefichika. Tena neno ovaholi lenyewe halitoshi. Kanuni za Marekani zinataka injini ifumuliwe, isafishwe, ikaguliwe, itengenezwe inapobidi, iunganishwe na kujaribiwa; hazidai vipuri vipya kila mahali, wala hazirudishi saa zake kwenye sifuri. Kwa hiyo mafundi wawili wanaweza kuandika neno hilohilo daftarini, mmoja akiwa amerudisha vipuri kwenye vipimo vya kiwandani, mwingine akiwa ameridhika na vile vilivyokaribia ukomo wa kuchakaa. Kubadilisha silinda peke yake si ovaholi kamili, hata zikiwa mpya zote. Tofauti hizi huonekana kwenye hati ya kazi na orodha ya vipuri, na mnunuzi ana haki ya kuziomba kabla ya kutaja bei.

Daftari likionyesha safari za kila mwezi na oili iliyobadilishwa kila saa 50, saa nyingi zisimtishe. Likiwa na mapengo ya miaka, kamera ya kuchungulia itaonyesha kutu kwenye kuta za silinda, lakini kemshafti haionekani vizuri mpaka silinda ing'olewe. Muuzaji anaweza kukataa kazi hiyo kwa sababu za haki, maana kung'oa silinda kuna hatari zake. Hapo mnunuzi aihesabu injini kuwa inangoja ovaholi, na bei atakayotoa ipungue kwa kiasi hicho.