Injini Baridi na Tanakali za Sauti: Sikio la Fundi wa Gari Kuukuu

Kila mwanafunzi wa Kiswahili amefundishwa kwamba kitu huanguka majini chubwi! na mchangani tifu! Aghalabu somo hilo huishia darasani. Hata hivyo, wapo watu ambao riziki yao hutegemea kutofautisha milio, nao ni mafundi wa magari ya zamani.

Kamere, kusini mwa Ziwa Naivasha, iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri yake huwa na baridi. Hapo ndipo gari kama Peugeot 504 hufichua maradhi yake. Gari hili lilianza kuundwa Ufaransa mwaka wa 1968, likaunganishwa pia nchini Kenya, likashinda mbio za Safari mwaka wa 1975 na 1978, na kwa miaka mingi likabeba abiria kati ya Nakuru na Nairobi. Tatizo ni kwamba mlio wa alfajiri hauvumilii safari. Gari likitoka Kamere hadi gereji ya mjini Naivasha, injini hufika ikiwa na moto na mlio umekwisha. Fundi hubakiwa na maneno ya mwenye gari tu, na maneno yenyewe mara nyingi ni mawili: "Injini inagonga."

Maneno hayo yanaweza kumgharimu mtu pesa nyingi, kwa kuwa yanajumlisha mambo yasiyofanana. Injini iliyolala usiku kucha huwa na oili nzito iliyoteremka chini, na vyuma vyake vimenywea. Mlio wa ta-ta-ta unaosikika kwa sekunde mbili tatu kisha ukakoma huwa ni wa vyuma vinavyosubiri oili ivifikie. Ukidumu, hali ni nyingine.

Mlio wa ti-ti-ti, mwepesi kama wa cherehani, hutoka juu kwenye valvu. Katika 504 yenye kabureta, nafasi ya valvu hupimwa injini ikiwa baridi: milimita 0.10 kwa valvu za kuingiza hewa na 0.25 kwa za kutoa moshi. Wenye magari hupenda ukimya, lakini valvu iliyokazwa mno hainyamazi kwa uzima; haijifungi sawasawa, na mwishowe huungua. Mlio unaokaribiana na huo, chaf-chaf, ni wa moshi unaopenya kwenye gasketi ya ekzosi. Huo hufifia chuma kinapotanuka, na huacha masizi meusi kwenye kiungo.

Utata mkubwa umo kati ya ko-ko-ko na du-du-du. Ko-ko-ko ni mlio mkavu wa pistoni iliyolika ikijipiga kwenye ukuta wa silinda. Pistoni ni ya aluminiamu. Ikipata joto hutanuka, nafasi ikapungua, mlio ukatulia baada ya dakika chache. Gari la namna hiyo laweza kutumika kwa muda mrefu. Du-du-du ni mzito, hutoka chini kwenye beringi za konrodi, nao huzidi oili inapopata moto na kuwa nyepesi, hasa gari likipanda mlima. Mwenye gari akiupuuza, krankishafti huharibika. Fundi akichomoa waya za plagi moja baada ya nyingine, mgongo ule hupungua afikapo kwenye silinda yenye hitilafu.

Kwiii! ni jambo jingine kabisa, ingawa ndiyo huwatisha watu zaidi. Maji kidogo yakinyunyizwa kwenye mkanda wa feni na mlio ukabadilika papo hapo, chanzo ni mkanda. Usipobadilika, beringi za pampu ya maji zichunguzwe. Fundi huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma na mpini kwenye sikio, mbali na feni.

Basi mwenye gari anayesema, "Ilifanya ko-ko-ko kwa dakika tatu, kisha ikanyamaza," amekwisha kufanya nusu ya kazi. Asiyeweza kueleza huombwa aliache gari gereji usiku mzima, ili fundi aliwashe mwenyewe asubuhi kabla jua halijapasha chuma.