Kaboni Inapopitisha Umeme Bila Hasara

MSOMAJI, gusa waya wa pasi baada ya kunyoosha sare za watoto kwa nusu saa. Utahisi uvuguvugu. Huo ni umeme ulioulipia lakini haukufika kwenye nguo. Elektroni zinapopita ndani ya shaba hugonganagongana njiani, na kila mgongano hugeuza nguvu kidogo kuwa joto. Wanasayansi huita jambo hili ukinzani, na kwenye nyaya ndefu zitokazo Olkaria hadi Nairobi hasara yake si haba.

Je, hakuna kitu kipitishacho umeme bila kupoteza chochote? Kipo. Mwaka wa 1911, katika mji wa Leiden, Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes alipoza zebaki hadi karibu nyuzi 269 za Selsiasi chini ya sufuri. Ghafla ukinzani ukatoweka. Haukupungua, ulitoweka! Siku hizi mashine nyingi za MRI hospitalini zina sumaku za nyaya za namna hiyo, zilizozamishwa katika heliamu iliyopozwa ikawa kiowevu. Hiyo ni sababu mojawapo ya kipimo hicho kukutoa jasho mfukoni.

Zebaki, hata hivyo, ni metali. Ajabu zaidi ni kaboni, kitu kile kile kilichomo katika makaa ya jikoni na risasi ya penseli. Mnamo 1991 Mjapani Sumio Iijima alieleza juu ya mirija ya kaboni aliyoiona kwa hadubini ya elektroni. Hebu chukua wavu wa banda la kuku, wenye matundu ya pembe sita, uukunje uwe bomba. Ndivyo atomi zake zilivyopangwa. Mrija mwembamba una upana wa kama nanomita moja, hivi kwamba ungepanga makumi ya maelfu ndipo ufikie unene wa unywele.

Tatizo ni huo wembamba. Ili ukinzani utoweke, elektroni hutembea mbili mbili kwa mpangilio, kama wanafunzi kwenye gwaride. Njia ikiwa ya foleni moja tu, mtikisiko mdogo huvuruga safu nzima. Ndiyo maana watafiti wa Orsay, karibu na Paris, walitumia mirija mingi iliyoshikamana kama kamba ya katani. Mwaka wa 2001 waliripoti kwamba ukinzani uliporomoka walipoikaribisha kwenye nyuzi 272.6 chini ya sufuri. Mwaka uo huo wenzao wa Hong Kong waliripoti dalili kama hizo kwenye mirija myembamba zaidi, kwa nyuzi 258 chini ya sufuri.

Usikimbie kung'oa nyaya zako, msomaji! Friza ya nyumbani hufika nyuzi 18 tu chini ya sufuri. Kupoza waya wa nyumba hadi huko kungekula umeme mwingi kuliko unaopotea. Na ukisikia mtu ametangaza kwamba amefaulu bila baridi, subiri kwanza. Julai 2023 watafiti wa Korea Kusini walidai hivyo, dunia ikashangilia, na maabara nyingine zilipojaribu zikakuta hakuna kitu.

Kaboni yenyewe bado ina mambo. Mwaka wa 2018, katika chuo cha MIT nchini Marekani, watafiti walibandika tabaka mbili za kaboni, kila moja unene wa atomi moja, wakaizungusha moja kwa nyuzi 1.1 tu za pembe. Zilipopozwa vya kutosha, ukinzani ukatoweka.